Kabla ya kuwalaumu wapiga mbizi

Oktoba 21, 2017, helikopta yenye watu watano ilianguka ndani ya Ziwa Nakuru muda mfupi baada ya kupaa. Msako ukachukua wiki kadhaa, na wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji wakaitwa. Lawama zikawa nyingi: ziwa lenyewe si refu, mbona hawaoni kitu? Maneno hayo hayo tuliyasikia kwetu Likoni mwaka 2019, mama na mwanawe walipozama na gari lao kutoka kwenye feri, wakaopolewa siku ya 13.

Aulizaye hivyo hajazama kwenye maji yasiyo na mwanga. Nchi kavu, mtu hujua alivyosimama kwa macho yake na kwa sikio la ndani. Ziwa Nakuru ni la magadi, limejaa mwani na tope. Macho yakikosa alama, yanabaki masikio, nayo hudanganya. Maji baridi yakiingia sikio moja kabla ya jingine, au mgandamizo ukitofautiana pande mbili, kisunzi hushika. Mpiga mbizi huweza kuamini anapanda, kumbe anashuka. Ndiyo maana hushikilia kamba, na hufuata mapovu yake: yanakokwenda ndiko juu.

Likoni kulizidi kina. Gari lilikuwa mita 58 chini. Kupita mita 30 hivi, naitrojeni ya hewa iliyobanwa hulevya, mtu akaona mambo shwari na si shwari.

Bara kuna jambo jingine: mwinuko. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Hesabu za kuzama na kupanda zilizopigwa kwa bahari yetu hazifai huko bila kurekebishwa. Na aliyezama kwenye kina, kisha siku hiyo hiyo akapanda gari kuvuka milima kurudi Nairobi, anajiongezea hatari ya mapovu kwenye damu.

Maziwa ya Naivasha, Nakuru na Baringo yamefurika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, yakameza nyua na nyumba. Hayo yote sasa ni mitego chini ya maji. Kaunti hizo zisingoje msaada kutoka Mombasa, wala zisimwachie kijana wa ufuoni asiye na kifaa. Zifunze vikosi vyao, huko huko juu.

Familia ina haki ya kuzika maiti wake. Lakini tusiharakishe msako hadi tukazika na aliyekwenda kumtafuta.