Inveta isivuke mpaka bila fundi

Inveta ya sola iliyonunuliwa Kariakoo, Dar es Salaam, hupita Kabanga na Kobero ikafika Bujumbura nzima. Miezi michache baadaye inaanza kulia na kuzima usiku, na mteja wa Buyenzi anaambiwa imekufa. Mara nyingi haijafa.

Betri ya asidi ya volti 12 ikishuka hadi karibu volti 10.5, inveta nyingi hujizima ili kuilinda. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe, au waya ukilegea, umeme haupiti vizuri. Feni ikijaa vumbi, mashine hupata joto na kusimama. Pasi ikichomekwa kwenye inveta ya wati 500, lazima izidiwe. Dawa ni kuzima, kusafisha, kukaza nyaya, kuongeza maji ya betri na kupunguza mzigo. Si kununua nyingine.

Asiyeelezwa hayo hutupa mashine, kisha humlaumu aliyemuuzia. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza mwaka 2010 limefungulia bidhaa njia, lakini dhamana ya duka aghalabu huishia mpakani.

Kwa hiyo anayeingiza inveta Burundi aifungashe na fyuzi za akiba, maelekezo ya Kiswahili na Kirundi, na namba ya fundi aliyeko Bujumbura. Gharama yake ni ndogo kuliko kumpoteza mteja. Aliyeuziwa giza leo hatarudi kesho, na jirani yake hatakuja kabisa.