Kioo kilichopasuka na maandishi madogo ya bima

Katika barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, kijiwe kirushwacho na gurudumu la lori chatosha kukipasua kioo cha mbele cha gari. Hapo ndipo walimu wengi, walionunua magari kwa mikopo ya vyama vya ushirika, hugundua kwamba bima waliyoilipia haikihusu kioo hicho.

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, humlazimisha mwenye gari kuwakatia bima watu wengine wanaoweza kuumizwa au kuuawa na gari lake. Kioo chake mwenyewe hakimo. Akitaka kilipwe, hana budi kuchukua bima kamili; na hata humo, aghalabu kioo huwekewa kiwango maalumu, tuseme Sh30,000. Kikigharimu Sh70,000, Sh40,000 zatoka mfukoni mwake. Magari ya siku hizi yamelizidisha tatizo, kwani baadhi yana kamera nyuma ya kioo, ambayo sharti irekebishwe upya kioo kinapobadilishwa.

Sioni haki ya kulificha jambo hili katika maandishi madogo, kwa Kiingereza cha mawakili ambacho hata mwalimu wa Kiingereza (naomba radhi) hukirudia mara tatu. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, iliyotokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2006, yafaa iyashurutishe makampuni kukiandika kiwango hicho kwenye ukurasa wa kwanza, tena kwa Kiswahili.

Kwa sasa, mwulize wakala kabla hujatia sahihi. Mara nyingi kiwango huweza kuongezwa kwa ada kidogo. Na kioo kikipasuka, kipige picha, uiarifu kampuni, wala usikibadilishe kabla haijaidhinisha gharama.