Korona: nani hakuhesabiwa?

Vijana wa Kitengela na Kajiado, hebu tuulizane. Mwaka 2020 watafiti wa KEMRI-Wellcome walipima damu ya watu waliotoa damu nchini, wakakadiria asilimia 4.3 walikuwa washapata korona. Mapema 2021, watoaji damu wengine wakapimwa: asilimia 48.5! Kazi nzuri. Lakini anayetoa damu Kenya ni nani? Mwenye afya, miaka 16 hadi 65. Nyanya yako wa miaka 70 kule Ilbisil hayumo. Mama mjamzito hayumo. Hesabu hurekebishwa, ila haimleti asiyekuwepo. Na asiyehesabiwa hapangiwi kitanda wala chanjo. Watafiti wakija mtaani tusikimbie. Tuulize: wazee wako wapi? Kisha tuwapeleke waandikishwe.