Usitafute meza, tafuta mwenza

Safu ya Jumamosi
Na Rehema Mbwana

Ukifungua tovuti ya Bridge Base Online saa tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, utakuta maelfu ya watu wamekaa mezani. Muscat ni saa nne usiku, London ni saa kumi na mbili jioni au saa moja kutegemea msimu, na New York watu ndiyo kwanza wanatoka kwenye chakula cha mchana. Unabonyeza kiti kilicho wazi, karata zako zinafunguka kwenye simu, na mtu usiyemjua kabisa, huenda yuko Warsaw au Mumbai, ameshakuwa mwenza wako. Dakika moja haijaisha. Wepesi huo unasifiwa sana, na mimi naona ndio unaowanyima watu utamu wa briji.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuucheza mchezo huu, nieleze kidogo. Aliyewahi kucheza karata barazani anajua nusu yake tayari: kuna turufu, kuna kufuata aina iliyotupwa, na karata kubwa ndiyo inayokula. Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, wenza wakitazamana. Karata zote 52 zinagawiwa, kila mtu 13, kwa hiyo kuna mizunguko 13 ya kuliwa. Kinachoitenga briji na karata nyingine ni mnada unaokuja kabla ya karata ya kwanza kuanguka mezani. Humo wenza wanaahidi watakula mizunguko mingapi, na turufu iwe shupaza, kopa, uru au pao, au kusiwe na turufu kabisa. Anayenadi moja anaahidi mizunguko saba. Tatu bila turufu ni mizunguko tisa, nne kopa ni kumi. Utaratibu wa alama unaoubeba mnada huu tunadaiwa na Harold Vanderbilt, tajiri wa Kimarekani, aliyeupanga mwaka 1925 akiwa melini katika safari iliyopita Mfereji wa Panama.

Mnadani huruhusiwi kumwambia mwenzako una nini mkononi. Huruhusiwi kukunja uso wala kuvuta pumzi. Una miito 35 ya kunadi, pamoja na kupita, kudabo na kuridabo, basi. Kwa miito hiyo 38 mnatakiwa muelezane mkono wa karata 13, na kila mwito una maana ile tu mliyokubaliana nyinyi wawili. Wapinzani nao wana haki ya kuijua maana hiyo, kwa sababu briji haina lugha ya siri. Makubaliano hayo ndiyo yanayoitwa mfumo, na mifumo iko mingi.

Chukua mwito mdogo kuliko yote ya bila turufu. Wachezaji wengi duniani huhesabu ree pointi 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1, jumla 40 kwa karata zote, na wenza wakiwa na pointi 25 kwa pamoja huwa wanathubutu kunadi tatu bila turufu. Marekani, anayefungua kwa moja bila turufu anasema ana pointi 15 hadi 17. Uingereza, kwa wanaocheza mfumo wa Acol, mwito uleule unasema 12 hadi 14. Mkalishe Mmarekani mwenye pointi 10 mbele ya Mwingereza mwenye 13. Mwingereza anafungua moja bila turufu, Mmarekani anapiga hesabu kwamba hawakosi 25, anaruka hadi tatu. Wana 23. Wote wawili wamenadi sawasawa, na mkataba, yaani ahadi waliyoinadi, unaweza kuvunjika.

Acol ilipikwa London katika miaka ya 1930, kwenye klabu iliyokuwa barabara ya Acol, na mmoja wa vijana walioshiriki kuitengeneza alikuwa Iain Macleod. Wanaofuatilia historia yetu wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine. Ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza kuanzia mwishoni mwa 1959 hadi 1961, akaongoza mkutano wa Lancaster House kuhusu Kenya mwaka 1960, na Machi 1961 alikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa katiba uliofungua njia ya uhuru wa Tanganyika. Kitabu chake cha briji kilitoka mwaka 1952. Sijui mwanasiasa mwingine aliyeacha alama kwenye meza za namna mbili tofauti kiasi hicho.

Precision, mfumo mwingine, ni kazi ya C. C. Wei, mfanyabiashara wa meli mzaliwa wa China, na ulimwengu uliistukia mwaka 1969 pale timu ya Taiwan iliyokuwa ikiitumia ilipofika fainali ya Bermuda Bowl. Humo anayefungua moja pao hasemi lolote kuhusu pao, anasema tu kwamba mkono wake una nguvu. Wapolandi pia wana moja pao yao, yenye maana zaidi ya moja. Wafaransa wengi hawafungui kopa wala shupaza bila kuwa nazo tano. Hao wote, kwenye intaneti, wanaweza kukaa meza moja usiku mmoja.

Acha nioneshe mgao mmoja kwa karibu, kwa kuwa ndiyo ajali inayotokea mara nyingi kuliko zote. Mwenza amefungua moja bila turufu, ya pointi 15 hadi 17. Wewe una shupaza mbili ndogo, kopa tano zinazoongozwa na mfalme na jeki, uru mbili, ya nane na ya pili, na pao nne chini ya malkia. Pointi sita. Hakuna cha kutafuta juu, unachotaka ni kutulia mbili kopa. Wachezaji wa siku hizi wananadi mbili uru. Mwito huo unamwambia mwenza: nina kopa tano, tafadhali nadi mbili kopa wewe, ili mkono wako wenye nguvu ubaki umefichwa na wangu ndio ufunuliwe mezani. Ni mbinu nzuri, huitwa uhamisho, na Oswald Jacoby aliieneza Marekani tangu miaka ya 1950. Lakini mgeni aliyekaa mbele yako alifundishwa zamani kwamba mbili uru maana yake una uru nyingi na mkono mnyonge, nyamaza hapohapo. Anapita. Mkataba umekuwa mbili uru, yeye akiwa nazo tatu, wewe mbili, na wapinzani wana turufu nane.

Kinachofuata nimekiona mara nyingi mno. Kisanduku cha mazungumzo kinajaa alama za kuuliza, mmoja anaandika neno la kejeli, na kabla karata hazijaisha kiti kinabaki kitupu. Au mwenye meza anamtoa mgeni bila hata kwaheri. Dakika moja baadaye kila mmoja ana mwenza mpya ambaye hawajazungumza naye lolote. Ajali ileile inawasubiri mgao wa tano au wa sita. Kuondoka katikati ya mgao ni utovu wa adabu, na nitalisema hilo kila nikipata nafasi, kwa sababu umewaacha watu watatu wakiwa na karata mkononi. Kibaya zaidi, anayeondoka hajifunzi kitu. Maana ya mbili uru ingewachukua sentensi moja.

Basi mkitafuta mwenza, msiulizane kiwango. Kwenye Bridge Base Online kila mtu anajiandikia mwenyewe kama ni mwanafunzi, wa kati au bingwa, na hakuna anayempima. Muulize mtu anacheza mfumo gani na ana nafasi siku zipi. Kisha mtazame yeye, mwenza wake anapoharibu. Akinyamaza, akamaliza karata, akasubiri mgao uishe ndipo aulize, huyo ng'ang'ania. Mwenza wangu ni mwalimu mstaafu anayeishi Muscat, mzaliwa wa Pemba, na nilimchagua kwa hilo tu. Mgao ukituendea mrama, huandika:

"Bi Rehema, ulikuwa na kopa ngapi?"

"Tano, Mwalimu."

"Basi nilipaswa kukufuata. Tuiandike."

Nasi tunaiandika. Tuna faili moja la kurasa mbili, na kila tulichokubaliana kimo. Napenda lisizidi hapo. Nimeona watu wanakutana leo, kesho wamepachika makubaliano ishirini waliyoyasoma mahali, na keshokutwa hakuna anayekumbuka lipi linafanya kazi wapinzani wakiingilia mnada. Upana wa moja bila turufu, je, kopa na shupaza zinafunguliwa nne au tano, Stayman ya kuulizia kopa au shupaza nne, uhamisho ule wa mbili uru na mbili kopa, Blackwood ya kuuliza ree, na dabo ipi ni ya adhabu, ipi ni ya kumtaka mwenza aseme. Kwa mwaka wa kwanza hayo yanatosha kabisa.

Kuna jambo moja ambalo intaneti imelifanya vizuri kuliko meza ya mbao. Mezani klabuni, nikinadi mwito wenye maana isiyo ya kawaida, mwenzangu ndiye anayewatahadharisha wapinzani na kuwaeleza. Nami nasikia. Kama ameuelewa vibaya, nimeshajua, na kuanzia hapo kila ninachofanya kinatia shaka hata nikiwa mwaminifu. Kwenye simu najitahadharisha mwenyewe: naandika maana ya mwito wangu, wapinzani wawili wanaisoma, mwenza haioni. Kila mmoja anabaki na kile tulichokubaliana tu. Ni utaratibu safi, na ninatamani ungekuwepo kila mahali.

Usafi huo, hata hivyo, unaishia kwenye kioo cha simu. Klabu zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya Korona na mashindano yakahamia mtandaoni, baadhi ya wachezaji wakubwa walikiri kwamba walitazama karata wasizostahili kuziona. Hakuna programu itakayomzuia mtu kumpigia mwenzake kwa simu ya pili. Ukimpata mwenza anayekudokezea karata zake kwenye WhatsApp, mwache usiku huohuo, hata kama ni shemeji yako.

Wapo wanaokimbilia roboti ili kuepuka haya yote. Roboti haikasiriki, haiondoki, na saa tisa usiku iko macho. Kwa kujizoeza kutupa karata ni mwalimu mzuri. Machi 2022 jijini Paris, programu iitwayo NooK, ya kampuni ya NukkAI, ilipimwa dhidi ya mabingwa wa dunia wanane kwa migao 800 iliyopangwa katika seti 80, nayo ikashinda seti 67. Habari hiyo ilienea kana kwamba briji imekwisha. Wachache walitaja kwamba mnada uliondolewa. Kila mgao ulianza mkataba ukiwa umeshapangwa, tatu bila turufu, na kazi ikawa kuzicheza karata tu. Sehemu ambayo watu wawili wanasikilizana ilikuwa haijaguswa.

Wawili wakishakubaliana, wasikimbilie meza ya mashindano. Bridge Base Online ina chumba cha mazoezi ya mnada ambako wenza wanakaa peke yao: karata zinagawiwa, mnanadi hadi mkataba, mikono yote miwili inafunuliwa, mnajadili, mgao mwingine unakuja. Hakuna mpinzani, hakuna alama, hakuna anayesubiri mwondoke. Mimi na Mwalimu tunafanya hivyo Jumanne kabla ya kucheza, na umeme ukikatika upande wangu ananisubiri.