Mama Muuguzi Anaporudi Chuoni

Mshika mbili moja humponyoka, wahenga walisema. Je, muuguzi mwenye watoto anayerudi chuo kikuu, ambaye hushika nne? Kuna wodi, kuna watoto, kuna nyumba, na sasa kuna vitabu. Huyo hana budi kutafutiwa mtu wa kumshikia mojawapo.

Kiu ya masomo kwa wauguzi si jambo geni nchini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada ya uuguzi mwaka 1992. Mwaka 2005, shirika la AMREF likishirikiana na Baraza la Wauguzi lilianzisha masomo ya kompyuta ili wauguzi wenye cheti wapate stashahada bila ya kuacha kazi. Leo mwenye stashahada naye anaitaka digrii, na anayo haki ya kuitaka.

Shida ni kwamba wengi hupiga hesabu ya karo peke yake. Kuna deni jingine lisilo na risiti, nalo ni saa. Mtu akitoka zamu ya usiku asubuhi, aende darasani moja kwa moja, kisha jioni apike na kufua, atalala lini? Uchovu huo haumwishii yeye. Dozi ikikosewa, anayeumia ni mgonjwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kujiandikisha uliza Baraza la Wauguzi iwapo kozi hiyo inatambuliwa. Pili, mwandikie mkuu wako barua mapema, kabla ratiba ya zamu haijapangwa. Maneno ya mdomo husahaulika mkuu huyo anapohamishwa.

Tatu, itisha baraza la nyumbani. Bwana anayesema, "Soma tu, mama watoto," kisha akaketi kungojea chai, hajasaidia kitu. Mkubaliane ni nani atakayepika siku za masomo, nani atakayewaogesha watoto, na ni matumizi gani yatakayopunguzwa. Ikiwa anayesoma ni baba, maneno ni yayo hayo.

Watoto wadogo hawajui mtihani ni nini. Wanachojua ni kwamba mama hayupo. Watengee saa moja kila siku isiyoguswa na kitabu. Walio wakubwa wafanye kazi zao za shule nawe ukifanya zako, meza moja, taa moja. Mtoto anayemwona mzazi wake akisoma haambiwi mara mbili thamani ya elimu.

Na mzigo ukizidi? Uliza mapema kanuni za chuo kuhusu kupunguza masomo au kuahirisha muhula. Kuahirisha si kushindwa. Afadhali digrii ichelewe mwaka mmoja kuliko ije ikute nyumba imevunjika.

Basi ketini juma hili, kalamu mkononi, mzigawe hizo saa kabla hamjalipa hata shilingi moja ya karo.