TUSICHANGANYE DAWA KWA SIRI

Katika maduka ya Marekani na Uingereza huuzwa siku hizi mafuta yaitwayo CBD, yatokanayo na mmea wa bangi. Huuzwa katika vichupa vya matone, na hutiwa pia katika peremende, vinywaji na marhamu. Yasemwa kwamba hutuliza maumivu, huleta usingizi na huondoa wasiwasi. Ndugu zetu wakaao huko huyaona kila pembe, na si ajabu kichupa kimoja kikatiwa katika mzigo wa zawadi hata kikamfikia mzazi nyumbani.

Hatuandiki leo ili kubishana kama mafuta hayo yafaa au hayafai. Twaandika juu ya hatari moja tu, nayo ni kuyameza pamoja na dawa za hospitali bila ya daktari kujua.

Yapasa kwanza kusema haki. CBD siyo ile sehemu ya bangi inayolevya; ilevyayo huitwa THC. Tena CBD ni dawa kweli. Tarehe 25 Juni, 2018, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha dawa iitwayo Epidiolex, ambayo ni CBD iliyosafishwa, kwa wagonjwa wa aina mbili za kifafa kigumu kinachoanza utotoni. Lakini kitu kikiwa dawa kweli, basi na madhara yake ni ya kweli. Hapo ndipo watu wanapojidanganya: wataka faida yake iwe ya dawa, na hatari yake iwe ya chai.

Hatari yenyewe hutokea hivi. Dawa nyingi tumezazo hufika katika ini, na humo huvunjwa kidogo kidogo na vimeng'enya mpaka zitoke mwilini. Daktari anapoandika kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, amekwisha kuhesabu kazi hiyo ya ini. Sasa CBD ikiingia, huvishika baadhi ya vimeng'enya hivyo na kuvizuia visifanye kazi yao. Dawa ya kwanza hukosa wa kuivunja, ikabaki katika damu na kurundikana siku hata siku. Mgonjwa hakuzidisha hata kidonge kimoja, lakini mwilini mwake dawa imezidi. Ndiyo maana wazee walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja.

Mifano ipo, wala si ya kubuni. Klobazamu ni dawa ya kifafa. Ikichanganywa na CBD, kile kiini kitokanacho nayo mwilini huweza kuongezeka mara 3, na mgonjwa akashikwa na usingizi mzito. Sodiamu valproeti, ambayo hospitali zetu huwapa wenye kifafa, huweza pamoja na CBD kuliumiza ini. Katika majaribio ya Epidiolex, wagonjwa 21 katika kila 100 waliotumia CBD pamoja na valproeti bila klobazamu walionekana kuwa na dalili za ini kuumia katika damu zao. Kwa wale wasiotumia hata moja ya dawa hizo mbili, walikuwa 3 tu katika 100.

Iko pia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, wapewayo watu wenye vali za bandia katika moyo. Dawa hii hupimwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa ikipungua damu huganda, na ikizidi mtu huvuja damu hata ndani ya ubongo. Madaktari wa Marekani wamekwisha kuandika habari ya mgonjwa aliyeanza CBD, kipimo cha damu yake kikapanda, hata ikabidi warfarini yake ipunguzwe. Yeye alisalimika kwa sababu waliomtibu walijua anachokimeza, wakampima. Je, mama aliye kijijini, anayepimwa mara moja kwa miezi mingi, na ambaye kichupa chake hakikutajwa kwa mtu, nani atamwokoa?

Nazo dawa za kuleta usingizi, na fenobabitali ya kifafa, na pombe pia, zikikutana na CBD uzito wa usingizi huzidi. Mwenye kuendesha gari au mashine na alitafakari hilo. Tena mambo huweza kugeuka kinyume: rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huharakisha kazi ya ini, ikaipunguza CBD katika damu. Mgonjwa asipoona nafuu huongeza matone. Na siku atakapomaliza dawa ya kifua kikuu, matone yale yale yatakuwa yamemzidi.

Wako wasemao, “Huu ni mmea tu, nao mmea haudhuru.” Twawaomba wakumbuke kwinini. Kwinini ilitoka katika magome ya mti, ikaokoa watu wengi katika homa ya malaria. Lakini aliyeizidisha alisikia masikio yakivuma, na moyo wake ukaingia hatarini. Hata maji ya balungi, tunda la bustanini, hukatazwa kwa watumiao dawa fulani kwa sababu kama hiyo hiyo. Mwili hauulizi kama kitu kimetoka shambani au kiwandani.

Zaidi ya hayo, maandishi ya kichupani si ya kuaminiwa daima. Mwaka 2017 wachunguzi wa Marekani walitangaza matokeo ya kupima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa kwa njia ya intaneti. Ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa. Na katika 18 ilikutwa THC. Mtu awezaje kuhesabu matone yake ikiwa hajui ndani yake mna nini? Nayo mamlaka ya chakula ya Uingereza, ambayo mwaka 2020 iliwashauri watu wazima wenye afya wasizidishe miligramu 70 kwa siku, ilishusha kiasi hicho mwezi wa Oktoba 2023 hata miligramu 10. Na tangu mwanzo iliwaonya wenye kutumia dawa nyingine wasiitumie bila shauri la daktari.

Kwa hiyo twasema wazi. Kwa ndugu walioko ng'ambo: mapenzi kwa wazazi ni jambo jema, lakini msitume dawa msiyojua itakutana na nini. Kumbukeni pia kwamba Tanzania sheria ya mwaka 2015 inakataza bangi, na zawadi yenu yaweza kumtia mzee mikononi mwa polisi. Kwa wagonjwa: mwendapo hospitali, chukueni kila mnachokimeza, kiwe kidonge, mzizi au matone, mkiweke mezani. Na aliyekwisha kuanza kuchanganya asiache dawa yake ya kifafa kwa ghafula, maana kifafa huweza kurudi kwa nguvu. Aende kwanza kwa daktari.

Kwa waganga na wauguzi wetu twasema neno moja la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote. Mgonjwa huficha kwa sababu aogopa kukemewa. Anayefokewa leo kwa kutaja mitishamba, kesho hatataja kitu. Muulizeni kwa upole, naye atasema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi aliyemfundisha kuficha ni yule aliyepaswa kumsikiliza.