Kiziwi Si Bubu

Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Desemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga tangu 1992 iwe ya watu wenye ulemavu, mambo huenda kwa utaratibu ule ule ambao wasomaji wameuzoea. Mahema huwekwa, wageni waheshimiwa huketi mbele, viti vya magurudumu na fimbo nyeupe hugawanywa, picha hupigwa, na hotuba husomwa. Sina ugomvi na kiti cha magurudumu. Anayekihitaji anakihitaji, na ni haki yake. Lakini ukizisikiliza hotuba hizo kwa sikio la mtu aliyezoea kupima maneno, utagundua kwamba vitenzi vyake vyote huelekea upande mmoja: tuwasaidie, tuwahurumie, tuwakumbuke, tuwape. Katika sentensi hizo mtu mwenye ulemavu huwa yambwa daima. Hutendewa, hatendi.

Katika makala haya nataka kumrudisha kwenye nafasi ya kiima. Na kwa kuwa kazi yangu ni isimu, nitaeleza zaidi habari za viziwi, kwani mchango wao umeingia moja kwa moja katika taaluma ninayoifundisha. Tena ni mchango ambao Wakenya wengi huutazama katika taarifa ya habari ya televisheni bila kujua wanachokitazama.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo wanafunzi wangu hupenda kuanzia. Hakosi kutokea mmoja wa kuniuliza kama Kiswahili hakijawatukana watu hawa kwa kuwatia katika kundi la vitu: kipofu, kiziwi, kilema, kiwete, kibiongo, sawa na kiti na kisu. Ni swali la haki, na jibu lake si fupi. Kiambishi ki- kweli hudunisha mara nyingine; mtu akiitwa kijitu anajua kwamba ametukanwa. Lakini ki- hiyo hiyo imo katika kiongozi, kijana, kinyozi na kipenzi, na sijasikia kiongozi yeyote akilalamika. Fauka ya hayo, mwalimu yeyote wa Kidato cha Kwanza atakwambia kuwa nomino hizi, ingawa zimevaa umbo la KI-VI, upatanisho wake ni wa A-WA. Twasema kiziwi huyu amefika, wala hakuna Mswahili asemaye kiziwi hiki kimefika. Sarufi ilimtambua kuwa mtu zamani sana, kabla ya Bunge lolote kupitisha sheria yoyote.

Hata hivyo maneno huchakaa kwa matumizi. Kilema lilichakaa, likaja mlemavu. Mlemavu nalo likaonekana kumfunika mtu mzima kwa jambo moja la mwili wake, likaja mtu mwenye ulemavu. Mabadiliko haya yanasomeka hata katika majina ya vyama vya jirani zetu Watanzania: CHAWATA ni Chama cha Walemavu, ilhali shirikisho linalojulikana kama SHIVYAWATA leo hujitambulisha kuwa la vyama vya watu wenye ulemavu. Ibara ya 54 ya Katiba yetu ya 2010 imelifanya jambo hili kuwa haki: mtu mwenye ulemavu aitwe na atajwe kwa namna isiyomshushia hadhi. Lakini viziwi wa Tanzania, walipokipa chama chao jina la CHAVITA, walilichukua neno viziwi bila kulionea haya. Nawaelewa. Kiziwi ni mtu asiyesikia, na hilo ni kweli tupu. Neno lenye kosa ni bubu, tunalolitupa kwao kana kwamba ni kisawe cha kiziwi. Bubu ni mtu asiyesema, na viziwi wa nchi hii wanasema tangu zamani. Ni sisi tusiosikia kwa macho.

Historia yenyewe inastahili kujulikana na kila mwalimu. Shule za mwanzo za viziwi nchini, kama zile za Mumias na Nyang'oma, zilianza katika miaka ya mwanzo ya 1960. Itikadi iliyotawala wakati huo, hapa na Ulaya pia, ilikuwa kwamba mtoto kiziwi afundishwe kusoma midomo na kutoa sauti, na mikono yake itulie. Kwa hiyo darasani mikono ilikatazwa. Lakini mwalimu hulala, na bweni lina taa. Watoto waliotoka Kakamega, Kisii, Nandi na Murang'a, kila mmoja akiwa na ishara chache alizozibuni na mama yake nyumbani, walikutana mabwenini na uwanjani, wakachanganya walichokuwa nacho, wakaongeza, wakakarabati. Waliofuata waliikuta ikiwa tayari ina kanuni. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Lugha ya Ishara ya Kenya. Hapana kamati iliyoketi, hapana mfadhili aliyeleta fedha. Hali kadhalika, huko Nicaragua, watoto viziwi waliokusanywa katika shule za Managua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 waliunda lugha yao mbele ya macho ya walimu wao, na wanaisimu kutoka pande nyingi za dunia wakaenda kujifunza kwao jinsi lugha inavyozaliwa.

Wanaisimu wenyewe tulichelewa. Ni mwaka 1960 tu ambapo William Stokoe, mwalimu katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington, alionyesha kwamba ishara zinaweza kuchanganuliwa katika vipashio vidogo kama tunavyochanganua sauti. Hapa kwetu, mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya ulianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1991, ukiongozwa na Profesa Okoth Okombo, aliyefariki mwaka 2017. Yeye alikuwa mwanaisimu anayesikia. Waliokuwa na maarifa yaliyotafutwa walikuwa viziwi. Na walichokuwa nacho hakikuwa Kiingereza kilichohamishiwa mikononi. Swali la ndiyo au siyo hubebwa na uso, kwa kuinua nyusi, pale ambapo Kiswahili huanza kwa je. Mtu aliyekwisha kutajwa huwekewa mahali pake hewani, na kila msemaji anapopaelekeza kidole, wenzake wanajua anayesemwa. Viwakilishi vya aina hiyo huwatoa jasho wanafunzi wangu wa mwaka wa pili.

Matokeo yake? Ibara ya 7 ya Katiba inaiamuru serikali ikuze matumizi ya lugha hii, na Ibara ya 120 inaitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Hebu msomaji alitafakari jambo hili. Kikuyu hakina cheo hicho, wala Kikalenjin, wala Kijaluo, lugha za mamilioni. Lugha iliyosukwa na watoto wa shule, usiku, kinyume cha amri, imekaa bungeni bega kwa bega na lugha ya Shaaban Robert na ya Shakespeare. Kama huo si mchango kwa taifa, basi sijui neno mchango lina maana gani nje ya harusi na matanga. Majirani zetu Waganda walitangulia: Katiba yao ya 1995 iliitaja lugha ya ishara, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia bungeni kwao. Mchango huu umezaa hata ajira za wanaosikia. Mkalimani anayelipwa kwa kusimama pembeni mwa kioo cha televisheni anauza ujuzi ambao chimbuko lake ni viziwi.

Nimekwepa kwa makusudi kuanza na mashujaa. Magazeti yetu huwapenda, na wanastahili: Henry Wanyoike, asiyeona, aliyetwaa dhahabu ya mita 5,000 huko Sydney mwaka 2000, Nancy Chelangat Koech, aliyeleta shaba ya mita 1,500 kutoka Michezo ya Walemavu ya Tokyo mwaka 2021, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama ya Rufani, mwenye ualbino. Lakini habari zao huandikwa kwa kiunganishi kimoja kisichokosekana: licha ya. Amefaulu licha ya ulemavu wake. Kiunganishi hicho kina hatari, kwani humfanya aliyefaulu kuwa muujiza, na muujiza haurudiwi. Mwajiri akishamaliza kumshangilia Wanyoike, haoni uhusiano wowote kati yake na msichana kiziwi aliyeleta barua ya kuomba kazi ya karani.

Tuje basi hapa nyumbani. Mjini Nakuru tunayo Shule ya Viziwi ya Ngala, na huko Nandi ipo ya Kapsabet. Vijana wanaotoka katika shule kama hizi hufanya mitihani ya taifa, na katika mitihani hiyo mtahiniwa kiziwi huruhusiwa kufanya Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. (Wapo walimu wenzangu wa Kiswahili walionung'unika. Mimi naona Kiswahili hakipungukiwi na chochote.) Wakishamaliza shule, huenda wapi? Wengi huishia jua kali, na huko, ajabu, ndiko nilikoona mahali pa kazi palipofikiriwa vizuri kuliko ofisi nyingi. Katika karakana moja ya mji huu nilikopeleka lango kuchomelewa, fundi mkuu alikuwa kiziwi, na vijana watatu waliomsaidia walikuwa wanasikia. Wote wanne waliongea kwa mikono. Nilimuuliza mmoja wao kama wamefundishwa kwa ajili ya mzee wao. Alicheka. Alinieleza kwamba mashine ya kukata vyuma ikianza kulia, hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo yule asiyesikia ndiye aliyekuja na suluhisho la wote. Wateja hupatana naye bei kwa maandishi katika daftari lililofungwa kwa kamba mlangoni. Hakuna aliyetumia neno msaada.

Mtu aweza kusema kwamba watu kama fundi huyu ni wachache. Uchache huo nao una habari yake. Sensa ya 2009 iliwahesabu Wakenya wenye ulemavu takriban 1,330,000, yaani asilimia 3.5 ya wananchi. Sensa ya 2019 ikawapata takriban 918,000, asilimia 2.2. Je, watu zaidi ya laki nne walipona kwa miaka kumi? La hasha. Maswali yalibadilika. Mwaka 2019 mhojiwa aliulizwa ana ugumu kiasi gani katika kuona, kusikia, kutembea na mengineyo, wakahesabiwa wale tu waliosema ugumu ni mkubwa au hawawezi kabisa, na watoto wa chini ya miaka mitano wakaachwa nje. Sitaki kubishana na wanatakwimu juu ya ufundi wao. Nasema tu kwamba idadi ya watu hawa imetegemea kirai kilichomo ndani ya swali, na bajeti hufuata idadi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitaka asilimia 5 ya nafasi za kazi za vibarua, za dharura na za mkataba zitengwe kwa ajili yao, na ilimpa mwajiri wa binafsi nafuu ya kodi kwa kuwaajiri. Zaidi ya miaka ishirini ikapita. Ripoti za Tume ya Utumishi wa Umma zimerudia kuonyesha kwamba taasisi nyingi za umma hazijakaribia kiwango hicho, sembuse kampuni za watu binafsi. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya, iliyotokana na mswada wa Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe haoni. Sasa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kutenga angalau asilimia 5. Hesabu ni ya darasa la nne: katika kila watu ishirini, mmoja. Lipigie hesabu shamba la maua la Naivasha lenye wafanyakazi elfu moja, upate hamsini. Zipigie hesabu hoteli zetu, viwanda vya maziwa, serikali ya kaunti, na vyuo vyetu, kile ninachofundisha kikiwa miongoni mwao.

Wenye mali watasema hawapati waombaji wanaofaa. Pengine wanasema kweli, nami nimewahi kujiuliza wanapotelea wapi. Jibu moja nimelipata katika kurasa za matangazo ya kazi. Karibu kila tangazo, liwe la mhasibu au la mtunza bohari, lina sharti linalojirudia kama kiitikio, kwamba mwombaji awe na uwezo mzuri wa kuwasiliana kwa kuzungumza na kwa kuandika. Hakuna anayekaa akauliza kama kazi yenyewe inahitaji kuzungumza. Ni maneno yaliyonakiliwa kutoka tangazo la mwaka jana, nalo lilinakiliwa kutoka la mwaka juzi. Kiziwi akilisoma, naye husoma vizuri, anajua kwamba mlango umefungwa, na hapeleki barua. Mwajiri kwa upande wake anaandika katika taarifa yake kwamba hakupata mwombaji mwenye ulemavu. Na yule anayejitosa akaitwa kwa mahojiano, hukuta watu watano mezani wakimwuliza maswali kwa midomo, mkalimani hayupo, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka ni nani wa kumlipa.

Juma lililopita nilisoma tangazo la namna hiyo. Kazi ilikuwa ya kupanga mafaili na kuingiza takwimu katika kompyuta. Chini kabisa waliandika kwamba watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi, na kwamba mwenye swali apige simu.